Paa Tunalitaka, Kuta Tuziache

Mjadala juu ya guta la umeme la kushirikiana, Kasese na Bwera

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mafundi wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wamekuwa wakihangaika na chombo ambacho si baiskeli kamili wala si gari kamili. Kina magurudumu matatu au manne, kina pedali, kina mota ndogo ya umeme inayomsaidia anayekanyaga, na kimefunikwa na kibanda chenye kioo cha mbele na mlango. Mjini Vancouver, Canada, kampuni ya VeloMetro ilikiita Veemo na ikakusudia kitumiwe na watu wengi kwa zamu: unakikuta kimeegeshwa, unakifungua kwa simu, unakwenda zako kilomita tatu au nne, unakiacha ulipofika, na mwenzako anakichukua. Sisi jina tunalo karibu. Dar es Salaam baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba magunia huitwa guta, basi hiki nacho tukiite guta la umeme, ili tusipoteze muda kwenye ubatizo. Hoja iliyopo mezani ni kama guta hili lina kazi magharibi mwa Uganda, katika safari fupi za mji wa Kasese na za Bwera hadi mpakani Mpondwe. Kuna sauti nne ambazo mjadala wa namna hii hauwezi kuzikwepa, nami nitaziita kwa kazi zao: dereva wa boda, mama wa sokoni, fundi na afisa wa mji. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njiani. Mota tuichukue, kibanda tukiache huko kilikotoka, na kule kushirikiana tukubadilishe maana, kwa sababu maana ya Vancouver haina kazi Bwera.

Kwanza ardhi yenyewe. Kasese umekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya Rwenzori, mahali ambapo reli kutoka Kampala iliishia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mitaa yake ya katikati ni tambarare, na jua lake halina utani. Bwera uko karibu kilomita 60 kusini-magharibi, kwenye vilima vinavyoshuka kuelekea mto Lubilia na Kasindi ya Congo. Barabara inayounganisha miji hii miwili inapita karibu na Ikweta pale Kikorongo na kukatiza katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ambako tembo hukata njia bila kuuliza, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili anayependekeza guta kwa safari ya mji hadi mji. Tunazungumzia kilomita mbili, tatu, nne: kutoka steji hadi hospitali, kutoka stoo hadi sokoni, kutoka sokoni hadi kwenye lango la mpaka. Soko la Mpondwe hukaa Jumanne na Ijumaa, na siku hizo mbili barabara ile fupi hujaa mawese na vitenge vinavyotoka Congo, na samaki wa chumvi, maharage na unga vinavyokwenda Congo.

Dereva wa boda ndiye anayesimama kwanza, na hasemi na mwandishi, anasema na mama. "Mama, miaka yote hii nimekubeba wewe na magunia yako, mvua na jua. Leo hawa wanataka nirudi kukanyaga pedali kama babu yangu? Baba aliuza baiskeli ili nipate pikipiki. Hayo ni maendeleo ya kurudi nyuma." Mama anamjibu kwa upole wa mtu anayejua bei: "Mwanangu, sikatai kwamba umenibeba. Lakini gunia langu limeanguka mara ngapi? Na petroli ikipanda, nauli inapandia mgongoni mwangu." Kwa maneno hayo machache mama ameweka mezani ushahidi wote wa upande wake.

Hofu ya dereva si ya kupuuzwa, kwani ina historia. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani, Busia, katika miaka ya 1960, pale vijana walipovusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, zikashika kasi katika miaka ya 1990, na baiskeli ya abiria ikawa alama ya umaskini. Ng'ambo ya mpaka wetu, hata hivyo, mambo hayakwenda mstari mmoja. Kisangani bado ina toleka, yaani baiskeli za abiria. Goma ina chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi na makaa, na mji haukuionea haya, ukaijengea sanamu. Pale Goma mpaka unapogusana na Rubavu ya Rwanda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa hiyo gurudumu la tatu mpakani si kitu cha kigeni kwetu. Lililokuwa likikosekana ni nguvu, kwa maana aibu ya baiskeli ilitokana na jasho la kupandisha mlima na mtu mgongoni. Mota ikiondoa jasho hilo, sehemu kubwa ya aibu inaondoka nalo.

Tuipime nguvu hiyo, maana hapa ndipo mjadala mwingi wa vyombo vya umeme unapoteleza kwa kusifia bila kuhesabu. Mtu mzima aliyezoea kazi anaweza kutoa wati 100 hivi kwa pedali kwa muda mrefu. Chukua guta, dereva na abiria mwenye mzigo, jumla kilo 250, ukapandishe mwinuko wa mita 100: kazi hiyo ni wati-saa 68, ukiacha msuguano. Kwa miguu peke yake ni dakika 40 za mateso. Ongeza mota ya wati 250, kiwango ambacho sheria za Ulaya zimekiweka kwa baiskeli za umeme, na mwinuko uleule unakwisha kwa dakika 12 hivi. Boda ya petroli itaumaliza kwa dakika mbili. Fundi analisema hili bila kuzunguka: "Mheshimiwa, msidanganyane. Kwenda Kilembe kwa chombo hiki ni adhabu. Kwenye tambarare ya Kasese na kwenye vilima vifupi vya Bwera, kitakwenda." Namkubalia. Kila mahali penye mpando mrefu boda itabaki, na anayesema guta litaiondoa boda milimani hajawahi kuitazama Rwenzori.

Lakini kwenye kilomita tatu za kwenda sokoni, hesabu inageuka. Tukadirie guta lililopakiwa linakula wati-saa 30 kwa kilomita, makadirio yasiyo ya ubahili. Safari 40 za kilomita tatu kwa siku, kwa madereva wawili wanaopokezana zamu, ni kilomita 120, yaani uniti 3.6 za umeme. Kwa bei ya uniti isiyofika shilingi 1,000, hiyo ni pungufu ya shilingi 3,600 kwa siku nzima. Pikipiki ya kawaida kwa kilomita hizohizo za mjini, za kusimama na kuondoka, itakunywa lita tatu hivi za petroli, na lita moja kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na shilingi 5,000. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu ambaye jioni anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake kabla ya kununua unga wa watoto.

"Na umeme ukikatika?" Dereva anauliza, na watu wanacheka, kwa sababu kila mtu analijua jibu. Fundi ndiye asiyecheka. Wilaya ya Kasese ni miongoni mwa wilaya za Uganda zinazozalisha umeme wa mito kwa wingi: mto Mubuku una vituo vitatu mfululizo, cha Bugoye kikiwa na megawati 13, Nyamwamba una kituo cha megawati 9.2, na Lubilia, mto uleule unaotenganisha Bwera na Congo, una kituo cha megawati 5.4. Maguta mia moja ya hesabu yetu yangetumia uniti 360 kwa siku, na mitambo ya Lubilia ikizunguka kwa nguvu zake zote huzizalisha uniti hizo kwa dakika nne. Kwa hiyo umeme upo, tatizo ni waya zinazoufikisha, na hapo betri ina faida moja ambayo balbu haina: inaweza kungoja. Ikichajiwa usiku, au wakati wowote waya zikiwa hai, na betri za akiba zikiwa zimepangwa rafu kwenye steji, kukatika kwa saa tano hakumsimamishi dereva. Na kuna kejeli nyingine isiyopaswa kupita bila kutajwa: kuanzia mwaka 1999, kwa zaidi ya miaka kumi, Kampuni ya Kobalti ya Kasese ilichenjua kobalti kutoka kwenye masalia ya mgodi wa Kilembe na kuiuza nje. Betri nyingi duniani zimetengenezwa kwa madini ya aina hiyo, ingawa siku hizi zipo za bei nafuu zisizohitaji kobalti kabisa, na hizo ndizo za kununua.

Sasa kibanda. Waliokibuni walikuwa na sababu nzuri, na sababu yenyewe inasomeka katika kosa la mtangulizi wao. Januari 1985 Sir Clive Sinclair alizindua Uingereza chombo kilichoitwa C5: magurudumu matatu, pedali, mota ya umeme, kiko chini karibu na lami, na hakina paa. Waingereza walikitazama, wakatazama mvua yao na malori yao, wakakicheka. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Waliofuata wakajifunza: mpe dereva kuta, mlango na kioo, asilowe wala asigande. Ndiyo kusema kibanda ni jibu la baridi ya Oslo na manyunyu ya Vancouver. Ni jibu sahihi kabisa la swali ambalo Kasese haijawahi kuuliza.

Swali la Kasese ni joto. Saa sita mchana karibu na Ikweta, jua lisilo na wingu huleta nguvu ya wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba, sawa na pasi iliyowashwa. Weka mtu chini ya plastiki angavu inayopitisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, mwambie akanyage. Mwili wake, kwa kila wati moja inayofika kwenye pedali, unatoa nyingine tatu au nne kama joto. Mtu huyo ni jiko, na umemfungia ndani ya jiko jingine. Upepo wa mwendo ndio unaompoza mwendesha baiskeli, na kibanda kinamnyang'anya. "Mimi samaki wangu wakae humo saa nzima foleni ya mpaka?" anauliza mama, na sioni mtetezi wa kibanda atakayemjibu.

Afisa wa mji ana jambo la kuongeza, na ni zito. Juni 2019 Uganda ilithibitisha ugonjwa wa Ebola ulioingia kutoka Congo kupitia mpaka huu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitano, na Hospitali ya Bwera ikawa mstari wa mbele. Mji wenye kumbukumbu hiyo hauwezi kukaribisha kwa furaha chumba kidogo kilichofungwa, ambacho anaingia huyu, anatoka, anaingia yule, wote wakishika mpini mmoja na hakuna mwenye jukumu la kuufuta. Chombo kilicho wazi, chenye dereva anayejulikana na ndoo ya maji ya sabuni kwenye steji, kinawekwa safi kwa urahisi zaidi.

Mtetezi wa kibanda anabakiwa na mvua, na mvua za Rwenzori si mchezo; Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ulibeba nyumba. Lakini mvua ya kawaida ya sokoni ilishapatiwa dawa na bajaji zamani: paa gumu juu, na pembeni turubai la kukunja linaloshushwa mawingu yakija na kupandishwa jua likitoka. Linashonwa na fundi yeyote wa turubai, kwa uzi na sindano alizonazo. Kioo kilichopindwa kiwandani Ulaya kikivunjika kwenye mashimo ya Bwera, kitangojewa miezi.

Inabaki hoja ya kushirikiana, na hapa ndipo mawazo ya wengi yanapochanganyika. Afisa anasema: "Fundi, mradi huu nimeusikia. Mtu anafungua kwa simu, anaendesha mwenyewe. Kigali baiskeli za Guraride zilianza kukodishwa kwa namna hiyo 2021. Kwa nini sisi tusiweze?" Fundi anamjibu: "Mzee, Kigali ina njia za baiskeli na taa. Hapa kikiachwa usiku mmoja, asubuhi utakuta gurudumu halipo." Wizi ni hoja, lakini naona upo upungufu wa ndani zaidi. Vancouver ilihitaji kushirikiana kwa sababu kila mtu alikuwa na gari lake linalolala saa ishirini na mbili kwa siku. Boda ya Bwera hailali. Imenunuliwa na mmoja, inaendeshwa na mwingine, na wanaipanda watu thelathini kabla ya jua kuzama. Kwa matumizi tulishashirikiana kabla kompyuta haijafika. Kisichoshirikiwa ni umiliki: dereva anahenya, na faida inakwenda kwa mwenye kadi ya pikipiki au kwa mkopeshaji. Programu ya simu haigusi tatizo hilo. Inambadilisha tu mwenye mali kutoka kwa tajiri wa mtaani kuwa kampuni ya mbali.

Basi tushirikiane palipo na njaa ya kushirikiana. Mfano wa karibu kabisa hauhusu magurudumu. Kyarumba, kwenye milima ya wilaya hiihii ya Kasese, kuna Bukonzo Joint, ushirika uliochipuka kutoka vikundi vya kuweka na kukopa na ukakua kuwa muuzaji wa kahawa nje ya nchi. Wanachama wake wengi ni wanawake, na vikundi vya wakulima vinamiliki pamoja vituo vidogo vya kuoshea kahawa. Mfano wa magurudumu uko Zimbabwe: tangu 2019 kampuni ya Mobility for Africa imekuwa ikikodisha maguta ya umeme yanayoitwa Hamba kwa vikundi vya wanawake wa vijijini katika wilaya ya Wedza. Kikundi kinatumia chombo kimoja kwa zamu, na betri zinabadilishwa kwenye kituo chenye sola. Tazama lile Hamba lenyewe: ni chombo cha kubeba mzigo kwenye njia za vumbi, na hakuna aliyeona haja ya kulijengea kuta.

"Kitu cha wote hakina mwenyewe," dereva anasema, na hii ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu kila mji una trekta la ushirika lililoota majani. Jibu langu ni kwamba "wote" wasiwe wote. Wawe watano au sita, wenye majina, wanaojuana kwa sura na kwa madeni. Kila zamu iwe na dereva mmoja anayepokea chombo na kukikabidhi kwa kutia sahihi. Betri, ambayo ndiyo ghali na ndiyo inayochakaa, isiwe mali ya kikundi kamwe: iwe ya kituo cha kuchajia, na kikundi kilipe kwa kila betri iliyojaa, kama mtu anunuavyo petroli. Betri ikifa mwaka wa nne, hasara ni ya kituo, ambacho kiliiweka hesabuni tangu mwanzo. Na dereva wa boda asiachwe nje. Anajua barabara, anajua wateja, na ndiye anayestahili kuwa wa kwanza katika hao sita, pamoja na mama anayembebesha magunia. Abiria akiwa mwanahisa, ugomvi wa nauli unakuwa mazungumzo ya ndani ya nyumba.

Mambo mawili sitaki kuyaremba. Barabara kuu ya Mpondwe inabeba malori, na yatazidi: Juni 2021 marais wa Uganda na Congo walizindua papo hapo mpakani ujenzi wa barabara za kuelekea Beni, Butembo na Goma, na Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Guta linalokwenda kilomita 20 kwa saa halina haki ya kuchanganywa na malori hayo. Kabla ya kununuliwa hata moja, mji upige mstari na kuweka mawe kando ya barabara ile fupi, na njia hiyo iwafae pia watembea kwa miguu na wenye baiskeli za mkono. Pili, sheria ya usajili iulizwe mapema wizarani, kwa sababu askari wa barabarani asipojua kama chombo ni baiskeli au pikipiki, atakiamulia mwenyewe kila asubuhi, na uamuzi huo una bei.

Ombi langu kwa mabaraza ya miji ya Kasese na Mpondwe-Lubiriha, kule mpakani, ni dogo. Msisubiri meli ya makontena wala mkutano wa wafadhili. Maguta matano ya paa na turubai, betri kumi na tano, vikundi vitano vya watu sita, steji moja Bwera na nyingine langoni mwa soko. Daftari la kila safari liwekwe wazi mezani kwa miezi sita, dereva na mama walisome wote wawili, kisha waulizwe wao, kabla ya fundi na kabla yangu. Jumanne yoyote ya soko inafaa kuanzia.